Umerudi, babu keshazikwa

Tunaorudi Unguja baada ya miaka kumi au kumi na tano ya Maskati, London au Toronto huwa tunafika na mipango yetu tayari: kaburi la babu lijengwe, hitima isomwe, ng'ombe achinjwe, picha zipigwe. Wiki tatu za likizo zinatosha kwa yote hayo. Miezi sita baadaye, mwenyewe keshapanda ndege zamani, anabisha hodi mzee kutoka shamba anaulizia hati yake aliyomwekea marehemu. Hapo ndipo watu wanapokumbuka kuwa sanduku la babu lilifunguliwa haraka haraka, na makaratasi "ya zamani" yakatiwa moto ili chumba kipakwe rangi.

Babu wa aina hii kila mtaa ulikuwa na wake. Saa tisa ya usiku yuko macho, Jumatatu na Alkhamisi amefunga, msikitini ana nguzo yake na watu wanaijua. Baada ya Isha uradi wa ratibu, usiku wa Ijumaa Yasini, mfukoni tasbihi na karafuu mbili tatu za kutafuna. Maisha yake yote yalikuwa mambo madogo yanayorudiwa bila kukosa. Kumkumbuka kwa jambo moja kubwa la siku moja ni kumkumbuka mtu mwingine. Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu, na pilau haiji mwanzo.

Kwanza, taazia. Watu watakwambia umechelewa, taazia ni siku tatu. Ni kweli kwa aliyekuwepo mjini. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu huku pwani, aliyekuwa safarini taazia yake haijapitwa; siku anayofika ndiyo siku yake. Kwa hiyo ukishuka uwanja wa ndege nenda kwa bibi kabla ya hoteli, kabla ya makaburini, na kabla ya kwa ami yako mwenye nyumba kubwa.

Kama bibi bado yumo edani, hesabu yake ni miezi minne ya kuandama na siku kumi. Kwa siku inatoka 127 mpaka 130, inategemea miezi mingapi imeandama kwa siku 29. Mjukuu wa kiume ni maharimu wake, hawezi kumuoa, kwa hiyo unaingia na kumwamkia kama kawaida. Marafiki uliokuja nao wabaki barazani. Zawadi ndizo zinazotuaibisha. Tunafika na manukato, bangili za dhahabu na madira ya maua, na vyote hivyo mwenye eda havivai wala havipaki. Mletee dawa zake za presha za miezi mitatu, miwani mpya kama alikupa kipimo, na kanga zisizong'aa. Manukato yaache sandukuni mpaka atoke.

Sala ya maiti nayo haijakupita. Ulipokuwa mbali ulikuwa na nafasi ya kumsalia ghaibu, yaani sala ya maiti aliye mji mwingine. Ukiwa umeshafika mji aliozikwa, ghaibu haipo tena, unasali kaburini: takbira nne, hakuna rukuu wala sijida. Mafakihi wa Kishafi wanaweka sharti moja ambalo wengi hawalijui: anayesali kaburini awe ni mtu aliyekwisha kuwajibikiwa na sala siku ile babu alipofariki. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku hiyo aombe dua tu, inatosha.

Sasa kaburi lenyewe, ambalo kwanza ulione. Makaburi yetu mengi hayana ramani wala daftari la maana. Mwanakwerekwe ukienda peke yako utazunguka mpaka adhuhuri. Mtafute mtu aliyeshuka ndani siku ya maziko, kwa sababu yule aliyesimama pembeni na mwavuli anakumbuka mwembe tu, na miembe inakatwa. Kama jiwe la kichwani limepotea, dira inasaidia. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Unguja, Tanga na Mombasa. Tofauti haifiki nyuzi mbili. Maiti amelazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, basi kichwa lazima kiwe mashariki na miguu magharibi. Ukisimama upande wa kaskazini wa kaburi unatazamana naye: hapo ndipo unapotoa salamu, "Assalaamu alaykum dara qawmin muuminin". Kisha unageuka kuelekea kibla kwa dua. Ukiona kaburi limelazwa kaskazini na kusini kwenye makaburi ya Waislamu wa pwani, umepotea njia au umeingia kwenye kijia.

Ukishalipata, usiridhike na kuweka alama kwenye ramani ya simu. Simu inakosea kwa mita tatu mpaka tano hata siku ya jua kali, na kwenye mita tano hapo yamo makaburi manne au matano. Chukua futi ya fundi. Pima kutoka kona ya jiwe la kichwani mpaka vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona ya ukuta na nguzo ya lango, uandike vipimo vyote viwili. Kimoja hakitoshi, kinakupa duara. Viwili vinakupa sehemu mbili tu, na moja kati ya hizo utaijua mwenyewe si penyewe.

Na sasa marumaru. Fikihi ya Kishafi inakubali kaburi linyanyuliwe kiasi cha shibiri moja na liwekewe jiwe la kutambulisha. Kujenga juu yake kunachukiwa, na katika makaburi ya wakfu ya watu wote kunakatazwa, kwa kuwa unawazuia wengine ardhi isiyo yako. Babu alikuwa akiyajua haya, huenda aliyafundisha. Ukiacha sheria, liangalie kama fundi. Mwaka wa kwanza ardhi inashuka: viunza vilivyofunika mwanandani vinaoza, udongo unajaa ndani. Bamba la zege lililomwagwa mwezi wa pili linapasuka katikati baada ya masika ya kwanza. Wanaotia nondo ili lisipasuke wanaharibu zaidi, kwa sababu hewa yetu ina chumvi, nondo zinashika kutu, zinavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Subiri mwaka upite, zungushia mawe mafupi kwa chokaa na saruji kidogo, jina lichongwe kwenye jiwe lisipakwe rangi. Rangi haivuki masika mawili. Fedha zitakazobaki zina kazi, tutazifikia.

Kazi kubwa iko ndani, kwenye sanduku. Lakini kabla hujashika ufunguo, jua nafasi yako. Mjukuu si mrithi madhali wako watoto wa kiume wa marehemu, iwe baba yako au ami zako. Wewe ndiye mwenye fedha na ndiye mwenye sauti kubwa, ila kwenye mirathi huna neno, isipokuwa babu awe amekuusia kitu, na wasia hauvuki theluthi. Wengi tunaorudi tunasahau hili, tunaanza kugawa. Omba ruhusa. Sanduku lifunguliwe mbele ya bibi, mtoto mkubwa na shahidi mmoja wa nje ya nyumba, na kila kinachotoka kiandikwe na kupigwa picha hapohapo kabla hakijahama mkeka.

Sababu ni amana. Mzee anayeaminika huwekewa vitu: hati za mashamba, herini za mwanamke anayeogopa mumewe, fedha za mtu aliyesafiri, wasia wa jirani. Vitu hivyo kwa kawaida vimefungwa kwenye kitambaa au bahasha na kuandikwa jina. Kitu chenye jina la mtu mwingine si cha marehemu mpaka ithibitike vingine. Bahasha zenye majina ziwekwe kando zote, hata tupu, maana bahasha tupu ni dalili kuwa kitu kilirudishwa au kiko mahali pengine. Kinyume chake pia kipo: hati ya babu mwenyewe inaweza kuwa kwa mtu.

Halafu madeni. Mpangilio wa mirathi unafahamika: gharama za maziko, madeni, wasia, kisha warithi. Siku ya maziko mtoto mkubwa hutangaza kuwa anayemdai marehemu ajitokeze, lakini siku hiyo nani ana uso wa kusema anadai elfu thelathini za samaki? Tangazo lirudiwe baada ya sala ya Ijumaa, wiki mbili mfululizo, na itajwe namba ya simu na mtu wa kumwendea kwa siri. Muuza duka, muuza samaki, fundi cherehani na duka la dawa uwapitie mwenyewe. Wazee hawa hawakuwa na madeni makubwa, walikuwa na madogo mengi.

Daftari la babu litakusaidia, ukiweza kulisoma. Kama alizaliwa miaka ya 1930 na alisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, kabla ya skuli, huenda ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Usimpe kijana aliyesoma Kiarabu Madina peke yake. Atasoma herufi na asipate maana. Mwandiko wa zamani hauna herufi zote za sauti zetu. Be hubeba b, p na mb. Fe hubeba f na v. Ghaini hubeba g na ng. Wau ni o na u, ye ni e na i, na nuni ya mwanzo wa nd au nj mara nyingi haiandikwi kabisa. Neno lenye be mbili linaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Kwenye ukurasa wa madeni, "amelipa baba" na "amelipa papa" ni habari mbili: moja ni mzee kamlipia mwanawe, nyingine ni deni limelipwa kwa samaki mkavu. Njia inayofaa ni kumweka mzee wa rika la babu asome kwa sauti huku kijana akifuatisha kwa kidole na wewe ukirekodi. Maana inatoka kwenye sikio kabla ya jicho.

Tarakimu ndizo zinazokula fedha za watu. Tano ya Kiarabu ni duara dogo, sawasawa na sifuri yetu. Sifuri yao ni nukta tu, na kwenye karatasi iliyopigwa na nzi na unyevu, nukta ziko kila mahali. Sita yao inafanana na saba yetu. Mbili na tatu zinatofautiana kwa jino moja. Ndiyo maana deni la 650 limewahi kusomwa 70 na watu wenye digrii zao. Kila kiasi kisomwe na watu wawili bila kusikilizana, na wakitofautiana muulizwe mdai. Rupia ziliacha kutumika Zanzibar mwaka 1936, hivyo ukikuta hesabu za rupia, kwa kawaida daftari hilo ni la baba yake.

Tarehe nazo zina mtego. Siku yetu ya asili inaanza magharibi. "Usiku wa Jumatatu" wa babu ni Jumapili usiku kwa anayehesabu kizungu. Mwaka wa Hijria ni siku 354 au 355, kwa hiyo kupata mwaka wa miladi zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: aliyezaliwa 1353 amezaliwa 1934. Umri nao unasogea. Miaka 90 ya Hijria ni 87 na kidogo ya miladi, na hapo ndipo ugomvi wa "babu alikufa na miaka mingapi" unapoanzia. Asipokuwa na tarehe yoyote, tumia matukio: vita vya Hitla, mgomo wa makuli wa 1948, kifo cha Sayyid Khalifa Oktoba 1960, machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961, Uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964. Usiulize "alikuwa na miaka mingapi wakati wa Mapinduzi". Uliza alikuwa ameshaoa au bado, na mtoto wa ngapi alikuwa anatambaa.

Karatasi zenyewe zishike vizuri. Usizianike juani, zinajikunja na wino unafifia. Usizibandike kwa tepu. Gundi inageuka rangi ya chai na kula karatasi ndani ya miaka michache. Piga picha karibu na dirisha bila taa ya simu, ukurasa mzima na kingo zake, kwa sababu wazee waliandika pembeni mambo makubwa kuliko ya katikati.

Kuna madeni ya Mungu pia. Mwulize bibi, yeye ndiye anayejua: miaka ya mwisho alishindwa kufunga? Fidia ni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Vibaba vinne ni pishi, na pishi ya mchele ni kama kilo mbili na nusu, basi Ramadhani ya siku 30 ni pishi saba na nusu, karibu kilo 19. Apewe maskini chakula chenyewe, na si lazima wawe maskini 30. Kama alikuwa na uwezo wa Haji asiende, inatolewa katika mali yake kabla ya kugawa, na anayemhijia lazima awe amekwisha kujihijia mwenyewe. Hili la mwisho hukosewa mara kwa mara: mjukuu wa Ulaya anamhijia babu ilhali yeye mwenyewe hajahiji.

Sasa ndipo unaweza kuanza kuyakusanya maisha yake. Ukiuliza "babu alikuwa mtu wa namna gani" utajibiwa "mtu mwema sana, Mungu amrehemu", na mazungumzo yamekwisha. Uliza vitu vyenye pembe. Alikaa nguzo ya ngapi, kulia au kushoto kwa mihrabu? Nani alikaa pembeni yake? Alisoma adhana kwa naghma gani, na alinyamaza wapi kuvuta pumzi? Mwanafunzi akikosea aya alifanyaje, alirudia yeye au alingoja? Muadhini, muuza kahawa wa barazani, aliyekuwa akimnyoa na mwanafunzi wake mkubwa wa chuoni watakupa zaidi ya ndugu wote. Bibi aulizwe mwisho na kwa vipande, dakika ishirini kwa siku, baada ya Alasiri akishapumzika. Zima feni unaporekodi, ndiyo inayofunika sauti kuliko magari. Majina ya watu myarudie mara tatu, na uandike palepale huyu ni mtoto wa nani, maana mtaani wako akina Juma Ali wanne.

Wasifu utakaosomwa mbele za watu usivuke dakika kumi. Kinachoharibu ni viwili. Cha kwanza ni kumsifu kwa karama ambazo mwenyewe angekukemea. Cha pili ni orodha ya watoto: kuna mke wa kwanza aliyeachwa 1958, kuna mtoto aliyefia mikononi, kuna waliozaliwa Pemba. Jina moja likirukwa, hakuna atakayekumbuka kitu kingine chochote ulichosoma. Mpe bibi aisikilize kwanza, na mpe pia mkubwa wa upande ule mwingine. Aibu zake na siri alizowafichia watu mziache zilipo.

Hitima, kabla ya kuitangaza, ikubalianwe ndani. Karibu kila ukoo sasa una wale wanaosema ni bida na wale wanaosema babu mwenyewe alisomea watu hitima miaka hamsini. Ugomvi huu ukizuka siku yenyewe, mbele ya majamvi, haupoi tena. Dua, kulipa madeni na sadaka hakuna anayevipinga, hivyo viwe vya wote, na anayetaka kusoma asome, asiyetaka agawe maji. Jambo jingine halina mjadala: gharama zisitoke kwenye mirathi, hasa kama kuna mrithi ambaye bado mtoto. Mjukuu aliyetoka nje alipe mfukoni mwake. Na kama ndiyo kwanza siku tatu za mwanzo, wafiwa hawapiki, wanapikiwa. Mtume aliagiza watu wa Jaafar watengenezewe chakula.

Juzuu ni 30. Kwenye msahafu wa kurasa 604 kila juzuu ni kurasa 20, na msomaji mzoefu anaimaliza kwa dakika 30 mpaka 40. Mzee wa miwani mpe saa nzima. Sanduku la juzuu la msikitini lihesabiwe siku moja kabla, na ya 30 ndiyo hupotea mwanzo, kwa kuwa watoto wa chuo huichukua. Tatizo la kawaida ni kualika wasomaji 30 wakaja 14, dua ikaombwa ya khatma hali juzuu nane zimerudi sandukuni hazijafunguliwa. Weka mtu mmoja mwenye karatasi anayetia alama. Wakipungua, gawa nusu nusu kwa hizbu, kurasa kumi kumi, na wanawake ndani wapewe sehemu yao mapema. Mara nyingi wao humaliza kwanza. Alasiri ni wakati mzuri, unamaliza kabla ya Magharibi na watu wanakula baada ya sala.

Kwa watu 100, pilau ni mchele kilo 14, kilo moja kwa watu saba. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 14, mbatata kilo 6, vitunguu maji kilo 4, thomu na tangawizi nusu kilo nusu kilo, mafuta lita mbili na nusu. Bizari ya pilau gramu 200, pilipili manga gramu 60, mdalasini gramu 60, iliki gramu 40, karafuu gramu 20 tu. Karafuu zikizidi hapo chakula kinakuwa dawa ya meno. Masinia 20, watu watano kwa sinia.

Usipike yote kwenye sufuria moja, hata kama jirani analo kubwa. Kina kikiwa kirefu, chini inaungua na juu ni punje mbichi, na ukikoroga inakuwa bokoboko. Masufuria mawili ya kilo saba saba. Maji hayapandi sawasawa na mchele: nyumbani kilo moja ya basmati iliyorowekwa nusu saa inataka lita moja na nusu, lakini kilo saba kwenye sufuria kubwa hazifiki lita kumi na nusu, kwa sababu mvuke unaopotea ni mdogo kulingana na wingi wa chakula. Anza na lita tisa, supu ya nyama ikiwa ndani ya hesabu. Onja chumvi kwenye supu kabla mchele haujaingia, na iwe imezidi kidogo; mchele utaimeza. Maji yakikauka juu, punguza moto chini na upalie makaa juu ya mfuniko dakika 25. Kabla ya hapo, kahawa chungu kwenye dele na halua kilo tano zinawatosha wasomaji na wageni wao.

Zile fedha za marumaru sasa. Mwendee imamu umuulize msikiti umepungukiwa nini, na asiposema usimchagulie misahafu, makabati yamejaa. Mara nyingi ni maji. Mtu anayetawadha kwa bomba anatumia kama lita tatu. Msikiti wa watu 100 kwa sala tano ni lita 1,500 kwa siku, hivyo tangi la lita 1,000 litakauka kabla ya Isha, weka 2,000. Kama ni kisima karibu na pwani, pima maji wakati wa kiangazi, siyo baada ya masika ambapo hata kisima cha chumvi kina ladha nzuri. Pampu inazimika mwezi wa tatu kwa sababu hakuna aliyepangiwa kununua umeme, na tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla, haina subira. Pangisheni kitu kidogo, kibanda au minazi, mapato yake yawe ya umeme na vipuri. Liandikwe kuwa ni wakfu, mbele ya mashahidi wawili, na lisajiliwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, la sivyo vitukuu watauza.

Zimebaki nguo na vitabu. Kanzu, kofia za viua, bakora na tasbihi ni mirathi kama shamba lilivyo mirathi. Thamani ndogo haiondoi haki ya mtu, ila warithi wakiridhiana mambo ni mepesi. Kanzu zifuliwe zitolewe mapema, zikikaa kabatini mpaka kusi zinakuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka. Vitabu vya fikihi alivyofundishia viende kwa mwanafunzi anayefundisha, na jina la babu libaki kwenye ukurasa wa mwanzo. Msahafu uliochakaa usiokuwa na wa kuusoma hautupwi: unazikwa mahali pasipokanyagwa, au unachomwa na majivu yake kuzikwa. Ule aliokuwa akiusoma yeye, wenye uzi uliokatika na alama ya kidole kwenye Yasini, ushonwe upya kwa uzi wa pamba.

Redio ya kitandani, warithi wakikubali, ibaki kwa bibi, na mshale msiusogeze kwenye stesheni nyingine.